Matembele Hayakusubiri Mazishi

Wiki mbili zilizopita, Jumapili asubuhi, nilipata habari kwamba jirani yangu wa hapa Okolona, jijini Louisville, Marekani, amefariki. Alikuwa ametoka zamu ya usiku ghalani, akainama mlangoni kuvua viatu vya kazi, hakuinuka tena. Hakuwa ndugu yangu, wala hatukusali kanisa moja. Yeye alitoka Fizi, kule Kongo, akapitia kambi ya wakimbizi. Mimi nilitoka Morogoro nikapitia chuo kikuu kule Columbus. Kilichotukutanisha ni uzio mfupi wa mbao na matuta yake sita ya matembele, yale majani ya viazi vitamu. Wasomaji wangu wengi wa Louisville wameyala matembele hayo, maana aliyagawa kwa mifuko, na hakuwahi kumuuliza mtu anasali wapi wala anatoka nchi gani.

Namkumbuka zaidi katika mwaka wake wa kwanza hapa, majani ya miti yalipoanza kupukutika. Matembele yalikuwa yamestawi mpaka yanapanda uzio, naye akaona ni vyema ayaache yaongezeke kidogo. Asubuhi moja nikasikia naitwa kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Mama Tanzania! Njoo uone! Kuna mutu amenimwangia maji ya moto mu shamba!"

Matuta yote sita yalikuwa meusi, yamelala chini kama mboga iliyotoka chunguni. Alikuwa ameshamshuku mzee wa Kimarekani wa nyumba ya pili, aliyewahi kulalamikia kelele za mazoezi ya kwaya sebuleni kwa jirani yangu. Nilijitahidi nisicheke.

"Baba, hakuna aliyekumwagia kitu. Ni jalidi. Umande umeganda usiku, ukaunguza majani."

"Baridi ndiyo inaunguza?" Akanitazama kama mtu anayedanganywa. "Donc, basi hii inchi, hata baridi yake iko moto!"

Tulicheka sote wawili, ila macho yake hayakucheka. Mbegu ile alipewa na rafiki yake wa mjini Buffalo, na ya rafiki ilikuwa imeshakufa. Bahati nzuri vipande vichache vilikuwa vimejificha chini ya ngazi za nyuma. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya jalidi alikata mashina, akayatia katika ndoo za maji, akayapanga dirishani sebuleni hadi mwezi wa tano. Mkewe, anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea wasiojiweza, alilalamika mbele yangu: "Tulitoka mu kambi, sasa huyu ananiletea shamba mu salon!" Naye akajibu kwa upole, "Mama, ni mugeni tu. Mwezi wa tano ataenda." Nilimwona mama huyo akigeuka upande kuficha kicheko, na nikamwona vilevile akiongeza maji ndooni mumewe alipokuwa kazini.

Kwetu na kwao mtu huzikwa kesho yake, ikichelewa sana keshokutwa. Huku, kuzika kunangoja Jumamosi, kunangoja ruhusa za waajiri, na safari hii kulimngoja binti wa marehemu aliyekuwa akitoka Buffalo. Jalidi haikuwa na mtu wa kumngoja. Alhamisi mchana, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, simu zetu zilitangaza kwamba itaanguka usiku ule. Nje matembele yalikuwa bado ya kijani, na dirishani hapakuwa na ndoo hata moja.

Rafiki mmoja wa marehemu aliinuka kwenda gereji. Dada mkubwa wa marehemu, aliyefika kutoka mji wa Hilliard na ndiye mwenye neno katika ukoo, yule ambaye wote tulimwita shangazi, akamzuia.

"Unaenda kutafuta nini?"

"Ndoo, shangazi. Na jembe."

"Mutu hajazikwa, na wewe unataka kulima? Kwetu hata jirani hagusi jembe!"

"Kwetu, shangazi, angezikwa tangu Jumatatu."

Wapo waliokuwa upande wa shangazi, na kwa kweli nami nilikuwa nusu upande wake, kwani nimelelewa katika desturi hiyohiyo. Shangazi aligeuka akamtazama wifi yake, mjane, aliyekuwa ameketi godoroni, kitenge kimemfunika hadi kidevuni. Siku nne tulikuwa tumempikia, tumemwombea na kumpangia kila kitu, bila kumwuliza lolote.

"Wewe mwenyewe unasema nini?"

Mjane akatazama dirishani. "Nataka ile ndoo yake ikuwe pale dirishani. Ni ile tu."

Shangazi akavuta pumzi. "Bon, sawa. Jembe libaki gereji. Viazi vilivyo chini vitangoja tuzike. Leteni mikasi."

Basi tukatoka uani, watu wazima kumi na kitu katika nguo za msiba, tukainamia matuta. Shangazi mwenyewe alitusimamia. "Musikate ovyo! Chini ya kifundo, hapa. Kila mwaka alinifundisha kwa simu, kila mwaka vinanifia!" Mtu akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na mikasi ikaendelea. Kabla ya magharibi ndoo zote zilikuwa zimejaa. Ya kwanza iliingia sebuleni; nyingine ziligawiwa, na binti wa Buffalo alichukua yake baada ya mazishi.

Nimeitafakari sana siku ile. Naamini wazee walitukataza kulima msibani ili tusijifanye kwamba hakuna kilichotokea, na pale uani hakuna aliyejifanya. Lakini wasingeweza kututungia kanuni ya jalidi, kwa kuwa hawakuijua. Huku ugenini tutakutana na mengi wasiyoyajua, nasi tutabishana nani anaikumbuka desturi vizuri zaidi. Shangazi yule amenifundisha pa kuanzia: kumgeukia anayeumia kuliko wote chumbani, na kumwuliza anataka kipi kiokolewe kabla jua halijatua.