Swichi Kumi na Nne Zinazoambizana Njia

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Bi Waya anafungua kabati la chuma kwenye korido ya maabara na kushika waya wa bluu kwa vidole viwili. Nyuma yake amesimama matroni wa hospitali, mikono kifuani.

"Ukishindwa, Bi Waya, Jumatatu tunarudi kwenye makaratasi."

"Nikishindwa, dada, nitayabeba mwenyewe wodi hadi wodi."

Bi Waya, kama wanavyomwita wenzake, ana miaka thelathini na minne na ndiye fundi pekee wa mtandao hapa. Anatunza swichi kumi na nne, visanduku vyenye taa za kijani vinavyopitisha majibu ya maabara hadi wodini.

Kwa miaka kumi na mmoja, njia za kila swichi ziliingizwa moja moja na mjomba wake, fundi aliyemtangulia. Waya ukikatika, mjomba alipanda ngazi mbiombio na daftari lake, akaingize njia nyingine.

Mpwa alishauri waweke itifaki, yaani utaratibu unaoziwezesha swichi kuambizana zenyewe njia ipi iko wazi. Mjomba alicheka. "Mashine zikianza kusengenyana, mama, nani atazinyamazisha?"

Mwaka jana mjomba alilazwa ghorofa ya tatu. Waya ukakatika. Wakampelekea simu kitandani, akamtajia mpwa njia zote kwa kichwa, dripu mkononi. Wiki iliyofuata alifariki.

"Kabla ya kukata simu aliniambia, 'Ziache tu zisengenyane,'" anasema Bi Waya.

Kazi ya kuweka itifaki hiyo imemchukua miezi mitano, na leo anaijaribu. Kabla ya kugusa swichi ya mbali, huiamuru ijiwashe upya baada ya dakika kumi na kurudia hali ya zamani asipoifuta amri hiyo, asije akakata tawi alilolikalia.

"Nilishajifungia nje mara mbili," anakiri. "Nikasubiri kama mgeni asiyealikwa."

Anachomoa waya. Matroni tayari ana simu sikioni. Sekunde tatu zinapita.

"Majibu yanaingia huko?"

"Yanaingia," anajibu muuguzi wa wodi ya watoto. "Kwani vipi?"

Matroni anageuka. "Mbona hakuna kilichotokea?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo, dada." Bi Waya anatabasamu hadi magego yanaonekana.

Mwezi ujao ataunganisha kliniki ya wajawazito, ng'ambo ya barabara. Baada ya hapo anataka likizo, ya kwanza tangu aajiriwe.

"Na siku nikilazwa," anasema, "nilazwe kama mgonjwa. Mtu asiniletee simu."