Mshika Mkia wa Jumapili

Jina la Kilo alipewa na waendesha baiskeli wenzake siku ile ile ya kwanza, na wala hawakuhangaika kulitafuta. Alikuwa mwuza nyama, na mwenyewe alikuwa na uzito wa kumtosha yeye na jirani. Baiskeli aliinunua baada ya daktari kumwambia kwamba asipoutikisa mwili huo, sukari itamtikisa. Mke wake alisimama mlangoni akimtazama anavyoijaribu uani, jasho likimtoka kabla hata hajakanyaga pedali, akasema, "Sawa mume wangu. Angalau baiskeli itapata mazoezi." Akaingia ndani kuendelea na kazi zake.

Kundi lenyewe lilikutana kila Jumapili asubuhi kwenye kituo cha mafuta, watu wa kazi mbalimbali ambao katikati ya wiki wasingesalimiana. Mwenyekiti alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, waliyemwita Sista, mama asiyecheka ovyo na asiyependa mtu achelewe. Mbele alikaa Mshale, karani wa benki, mwembamba, mwenye kaptura ya kubana na saa inayompima mapigo ya moyo. Tangu ajiunge na kundi, Mshale hakuwahi kuona mgongo wa mtu. Na nyuma kabisa alikaa fundi friji, ambaye jina lake lilikuwa Mkia.

Shuleni ukishika mkia unachapwa. Kwenye kundi lile, kushika mkia ilikuwa kazi, tena kazi yenye sheria zake. Mshika mkia hampiti mtu. Tairi la mtu likipasuka, anabaki naye. Mtu akichoka, naye anachoka, hata kama miguu yake bado inataka kwenda. Wakifika juu ya kilima chenye mnara wa simu, wote wanashuka na kumsubiri, na yeye akifika anaita majina, mmoja mmoja, kila mtu anajibu "Nipo." Majina yakiisha anasema, "Tumetimia." Hapo ndipo watu wanakunywa maji. Kabla ya hapo hata kama koo limekauka namna gani, hunywi. Sista hakuwa na mchezo na jambo hilo.

Sasa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa mzito kuliko Kilo, tairi la Mkia lilikuwa daima nyuma ya tairi la Kilo. Wakapanda kilima kile miaka na miaka wakipiga soga, mmoja akihema, mwingine akimchombeza. "Kilo, taratibu, kilima hakina pa kwenda." Walizungumza habari za nyama na habari za friji, maana friji ya buchani alikuwa akiitengeneza Mkia huyo huyo. Lakini kuna kitu inabidi ukijue. Kilo hakuweza kugeuza kichwa akiwa juu ya baiskeli. Akigeuza kichwa, usukani nao unageuka, na mwili wote unafuata. Aliwahi kugeuka mara moja kumjibu Mkia, akajikuta ndani ya mtaro. Tangu siku hiyo alizungumza akitazama mbele, na Mkia akawa kwake ni sauti tu, sauti nzuri yenye utani, inayotoka nyuma ya bega la kushoto.

Habari za kifo ziliingia kwenye simu, katikati ya wiki, Kilo akiwa anakata mbavu. Sista aliwaandikia kundi zima kwamba Mkia amefariki, na kwamba asijulishwe mtu wa nje mpaka familia iseme. Kisha mmoja wa kundi, ambaye huwa hasomi yaliyotangulia, akatuma tangazo la mafuta ya mnyororo, bei imeshuka, yanafaa pia kwa milango inayolia. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumgombeza.

Msibani kila kona ilikuwa na maelezo yake. Huku presha, kule moyo, na mjomba mmoja mwenye sauti nene akawa anawaambia wageni kwamba marehemu alianguka na baiskeli. Hilo liliwaudhi wenzake wa kundi kupita kiasi. Baiskeli ya Mkia ilikuwa pale pale sebuleni, imeegemea ukuta, haina hata mkwaruzo, breki zimekazwa, mnyororo unang'aa. Mshale alimfuata mjomba na kumuuliza alianguka barabara gani. Mjomba akasema hiyo haihusu. Mshale akasema inahusu sana. Ikabidi Sista amshike mkono.

Aliyemaliza maneno ni dada mkubwa wa Mkia, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Alisimama, akajifunga khanga vizuri, akasema bila kupaza sauti, "Ndugu yangu hakuanguka wala hakuugua presha. Amejiua. Anayetaka kulia amlilie yeye, asimlilie mtu mwingine mnayemtunga hapa." Akakaa. Mjomba akaomba maji ya kunywa.

Kundi likaamua kumsindikiza kwa baiskeli. Wazo lilikuwa zuri, usiwaonee. Wangekwenda nyuma ya gari la jeneza, taratibu, wote wamevaa fulana za kundi, mpaka makaburini nje ya mji. Walianza vizuri. Lakini gari lilipoingia kwenye lami nzuri, dereva akakanyaga mafuta kidogo, na kundi nalo likakanyaga pedali. Mshale, kwa mazoea yake, alilipita gari la jeneza kwenye kona ya kwanza. Aliligundua kosa lake alipoona barabara tupu mbele yake, na ikambidi asimame kando, uso umemwiva kwa aibu, jeneza limpite.

Huku nyuma mnyororo wa Kilo ulichomoka. Aliinama, akaupachika, mikono imejaa grisi, akasema bila kufikiri, "Nisubiri kidogo, namaliza." Hakujibiwa. Aliponyanyua kichwa, barabara ilikuwa nyeupe. Hakukuwa na mtu, wala gari, wala tairi nyuma yake. Alikanyaga kufa na kupona. Kwenye njia panda akakata kulia, akatokea mahali pa kufyatulia matofali, na vijana wa pale wakamwambia kwa heshima zote kwamba hapo hazikwi mtu. Alipofika makaburini, viti vilikuwa vinapakiwa kwenye lori.

"Ulikuwa wapi?" Sista akamuuliza.

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma, Sista. Nyuma."

Hakuna aliyekuwa amegundua kwamba hayupo. Hata mke wake, aliyekuja kwa gari la jirani, alidhani yuko na wenzake. Kilo alisimama mbele ya kifusi cha udongo mbichi na mikono yake ya grisi, akalia kwa hasira. Aliwakasirikia wote, kisha akamkasirikia Mkia, kisha akajikasirikia mwenyewe, na hapo ndipo hasira ilipokaa.

Aliporudi nyumbani aliiegemeza baiskeli mbele ya bucha na kuitundikia kipande cha boksi: INAUZWA. Mke wake alilisoma boksi, akaingia ndani. Ilipofika Jumapili Kilo akalala mpaka jua likampata kitandani. Jumapili nyingine vile vile.

Sista akaja buchani, akaagiza nusu kilo ya maini, akaanza kutoa ripoti kama yuko kazini. Jumapili ya kwanza walitoka, lakini kila mtu alikuwa anageuka nyuma kuangalia kama mwenzake yupo, mpaka watu wawili wakagongana na mmoja akateguka kidole. Jumapili ya pili alitokea Mshale peke yake. Akazunguka njia nzima, wa kwanza na wa mwisho.

"Kundi linakufa, Kilo. Na siwezi kuliacha life sasa hivi, kuna watu mle ndani hawako sawa. Yule mpiga picha wa harusi halali. Hajaniambia, mimi naona macho yake. Wakikaa kila mtu kwake nitawaonea wapi? Tunataka mtu wa kushika mkia, na tumeona ni wewe."

"Mimi?"

"Tayari uko nyuma. Hatuhitaji hata kukuhamisha."

Kilo alifunga maini kwenye karatasi, taratibu mno. "Mtu amekaa mbele ya mwenzake miaka yote hiyo, anacheka naye, asione kitu. Halafu huyo huyo mnampa kazi ya kuangalia watu. Sista, hapana. Tafuteni mwenye macho."

Sista akachukua maini yake. Mlangoni akasema, "Bila mtu wa nyuma hatutoki tena. Ujue hivyo." Kilo akasema amesikia.

Siku chache baadaye akaingia dada yake Mkia. Hakuwa na kikapu. Alikuwa na taa ndogo nyekundu, ile inayofungwa nyuma ya baiskeli ya mshika mkia ili magari yaione, akaiweka juu ya mizani. "Nimeambiwa hii ni mali ya kundi. Yule mama muuguzi sijui anakaa wapi. Wewe nimekujua kwa bucha."

"Asante, dada."

Hakuondoka. Alisimama akiisikiliza friji inavyounguruma, friji ambayo ndugu yake ndiye aliyeifungia kompresa mpya. "Alikuwa akirudi Jumapili anaanza na habari zako. Kilo kasema hivi, Kilo katumbukia mtaroni. Ulikuwa unaongea naye sana."

"Kila Jumapili."

"Aliwahi kukuambia chochote?"

Kilo alipangusa kisu ambacho kilikuwa kisafi. "Aliniambia habari za friji. Dada, mimi nilikuwa mbele yake. Sikuweza kumgeukia. Nikigeuka naanguka."

"Mimi nilikuwa naye chumba cha pili," dada akasema. "Na mimi nikigeuka sianguki."

Basi wakalia, kila mtu upande wake wa meza, bila makelele. Mteja mmoja akaingia kutaka mbavu, akaona hali, akasema atapita baadaye. "Usiondoke, mbavu zipo," Kilo akamwambia, akampimia huku machozi yakimtiririka, akamzidishia kipande. Mteja alilipa na kutoka kinyumenyume.

Dada alipofika mlangoni aligeuka. "Walisema hukufika makaburini."

"Waliniacha."

"Yeye asingekuacha," akasema, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata Kilo alibandua lile boksi. Mke wake aliiona taa nyekundu nyuma ya baiskeli, akamjazia maji chupa mbili badala ya moja, akampa.

Kituo cha mafuta kilikuwa kimejaa. Sista alikuwa amewapigia simu wote, na ukipigiwa simu na Sista unatoka. Walipoondoka Kilo aliwaacha wapite mmoja mmoja, kisha akaingia nyuma yao, na kwa mara ya kwanza akaiona barabara kama alivyokuwa akiiona fundi friji. Migongo. Fulana zilizoloana jasho, visigino, migongo tena. Aligundua nani anauonea mguu mmoja huruma. Aligundua mpiga picha anaacha kukanyaga kila baada ya muda, kama aliyesahau anakokwenda, na kila alipofanya hivyo Kilo alimwita, naye akashtuka na kukanyaga. Aligundua na jambo jingine, ambalo halikumfurahisha hata kidogo. Kule nyuma unamwona kila mtu, na wewe hakuoni yeyote. Ukiacha kukanyaga, hakuna wa kukuita. Alilifikiria hilo kilima kizima, akihema, na likamuuma.

Juu ya kilima, penye mnara, walikuwa wameshuka wanamsubiri. Aliegemeza baiskeli, akashika kiuno mpaka pumzi zikarudi, akaanza kuita.

"Mshale."

"Nipo."

"Sista."

"Nipo."

Akaenda hivyo, kila mtu akiitika, mpaka akabaki mmoja. "Mpiga picha."

Mpiga picha alichelewa kujibu. "Nipo," akasema. Kisha akatazama chini. "Nipo, lakini siko vizuri. Silali. Nawaza mambo mabaya."

Sista alisema, kwa sauti ile ile ya kuagiza maini, "Leo tukishuka tunakwenda wote wawili hospitali. Kuna daktari wa mambo hayo, namjua, na nitakaa na wewe mpaka akuone. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya," Kilo akasema. "Tumetimia." Akafungua chupa.

Hakuna mwingine aliyefungua. Mshale alikuwa anamtazama, chupa mkononi, saa yake ikipiga kengele ya mapigo ya moyo bila yeye kuijali.

"Bado," Mshale akasema.

"Bado nani? Nimewaita wote."

"Yule fundi hakuwahi kujiita. Miaka yote ile. Anatuita sisi, anasema tumetimia, na sisi tunakunywa maji." Mshale aliitazama chupa yake. "Wala sikuwahi kuliona hilo mpaka sasa hivi."

Kilo alikumbuka ile sauti ya nyuma ya bega la kushoto, akatamani kugeuka.

"Kilo," Mshale akamwita.

Kilo alitaka kujibu kwa neno moja kama wengine, lakini neno moja halikutosha. "Nipo," akasema. "Goti linaniuma. Juzi nimelia mbele ya mteja. Namkumbuka sana rafiki yangu, na sijui kama nitaacha."

"Sawa," Sista akasema. "Sasa ndiyo tumetimia."

Wakanywa.

Kushuka, Mshale hakwenda mbele. Mbele alikwenda Sista, na mpiga picha pembeni yake. Mshale alibaki nyuma kabisa, nyuma hata ya taa nyekundu, mkono kwenye breki kilima kizima, akilalamika kwamba breki zitaisha na kwamba hakujua kundi lina migongo mibaya namna hii. Kilo hakuweza kugeuka kumtazama. Kwa hiyo kila baada ya kitambo alimwita, na Mshale akaitika.