Kipengele cha Miaka Mitano

Kompyuta ilinikataa kwa sentensi niliyoitunga mwenyewe.

Siyo sentensi inayofanana nayo. Ni ile ile, neno kwa neno, mpaka koma yake: "Mwombaji awe amehitimu shahada ya kwanza ndani ya miaka mitano iliyopita, ili kulinda ubora wa programu." Hiyo koma niliiweka mimi, nikijiona msomi kwelikweli.

Nilikuwa nimepitiliza siku kumi na tisa.

Sasa kaeni vizuri niwape mkasa mzima. Kunihukumu mtanihukumu, ila subirini nifike mwisho.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Nilipomaliza chuo sikukaa mtaani hata miezi mitatu, nikapata kazi kwenye maabara ya chuo hicho hicho nilichosoma. Kazi yenyewe ni kupima udongo na zege. Mkandarasi akimwaga nguzo, analeta vipande vya zege lake vya umbo la mchemraba, tunavilaza kwenye tangi la maji siku ishirini na nane, halafu tunaviweka kwenye mashine na kuvibana mpaka vipasuke. Mashine inatuambia vilibeba mzigo kiasi gani kabla ya kukata tamaa.

Chumba chenyewe hakina dirisha. Kina tangi, mashine, meza mbili na feni moja inayogeuka kama inalazimishwa.

Wafanyakazi tulikuwa wawili tu, mimi na msimamizi wangu. Huyu chuo kizima kilimwita Mzee Mchemraba. Alianza pale akiwa kibarua wa kuchanganya zege, akajisomesha jioni mpaka akapata shahada akiwa na miaka arobaini na ushee. Nilipoajiriwa mimi, shahada yake ilikuwa na miaka kumi na nne.

Mnaelewa tunapoelekea? Tulieni kwanza.

Nikiwa na mwaka mmoja kazini, Profesa mkuu wa idara aliniita ofisini. Akaniambia chuo kinataka kuanzisha shahada ya uzamili ya uhandisi wa ujenzi, na yeye amepewa kazi ya kuuandaa mpango wake. Ila ana shughuli nyingi. Ila mimi kalamu yangu nyepesi.

Nikajua nimeshapakiwa mzigo.

Halafu akatoa utamu. Programu ikianza, kutakuwa na nafasi moja ya ufadhili kwa mfanyakazi wa maabara. Moja. Ada yote, na mshahara unaendelea.

"Ukiniandalia huu mpango," alisema, "wewe ndiye mwanafunzi wa kwanza. Ni suala la wiki mbili tu."

Nilitoka pale miguu haigusi sakafu. Jioni nikampigia mama simu, na kabla sijakata tayari alishawatangazia majirani kwamba mwanawe anakwenda kuchukua shahada ya pili.

Nikaanza kazi. Mihula minne, masomo kumi na mawili, muhula wa mwisho tasnifu. Lipi litangulie, lipi lifuate, maana huwezi kumfundisha mtu misingi ya jengo refu kabla hajajua udongo unavyobeba. Saa za darasani ngapi, za maabara ngapi. Kusema kweli niliipenda kazi ile.

Siku moja Mzee Mchemraba akachungulia juu ya bega langu. Akauliza hiyo nafasi moja ni ya nani.

Nikamwambia ni ya yeyote wa maabara atakayekuwa na sifa.

Akanipeleka kwenye tangi. Kona ya mwisho palikuwa na vipande kumi na viwili vyenye alama ya rangi ya bluu. Vilikuwa vya kwake. Alikuwa amepondaponda matofali mabovu, akayatia kwenye zege badala ya kokoto, na alitaka kujua zege hilo litakuwaje likikaa miaka. Aliniambia hiyo ndiyo tasnifu yake, anaisubiri programu tu.

Mimi tasnifu sikuwa nayo hata kichwani.

Nitasema ukweli, maana ndicho kilichonileta hapa. Niliogopa. Yule mzee alinizidi kila kitu isipokuwa umri mdogo na cheti kipya. Nikarudi mezani, nikafungua ukurasa wa sifa za mwombaji, nikaandika kipengele cha miaka mitano.

Jina lake halimo. Lakini chuo kizima mtu ambaye kipengele kile kilimfungia nje alikuwa mmoja.

Profesa alipokisoma alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema kimekaa vizuri, kamati zinapenda sana neno "ubora". Na kweli, kikao cha kwanza kamati iliupitisha ukurasa ule bila swali.

Kurasa nyingine zote wakazirudisha.

Hapo ndipo nilipoingia shimoni.

Mara saa za darasani zimezidi. Mara zimepungua. Mara maoni ya waajiri yako wapi. Mwenyekiti wa kamati akabadilishwa, aliyekuja akasema tuanze upya kuanzia jalada. Fundi yeyote atakwambia zege halilali, ukishachanganya umwage. Lakini kamati ile ililala fofofo, na mimi nimekaa na mchanganyiko mkononi.

Kila nikimuuliza Profesa, jibu lilikuwa wiki mbili tu. Akiongeza, anaongeza subira yavuta heri.

Mwaka wa pili kampuni moja ya barabara ikaniita kazini. Cheo kizuri. Profesa akaniuliza kwa upole, kweli naweza kumwacha mtoto niliyemlea mwenyewe? Nikabaki.

Mwaka wa tatu nikaomba kusoma chuo kingine. Nilihitaji barua yake ya kunidhamini. Akasema ataiandika. Fomu yangu ikaingia kwenye droo yake ya kushoto na haikutoka mpaka siku ya mwisho ikapita. Wenzangu niliosoma nao walishamaliza uzamili, mmoja ananitumia picha za joho. Mama naye aliacha kuuliza, na huko kuacha kwake ndiko kulikoniuma zaidi.

Hivi umeshawahi kungoja kitu mpaka ukaogopa kuacha kukingoja? Ukiondoka leo, miaka yote imekwenda bure. Ukibaki, unaongeza mwingine juu yake. Kila asubuhi naingia kile chumba kisicho na dirisha, navipasua vipande vya watu, nawaza lini nami nitapasuka.

Mwaka wa nne nilikuwa naandika nakala ya kumi na saba. Jicho likaangukia ukurasa wa sifa.

Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena kwa kalenda. 

Miaka yangu mitano ilikuwa inaisha tarehe nne Novemba.

Nikakimbia kwa Profesa. Nikamwomba tukiondoe kile kipengele, au tukifanye miaka kumi. Akavua miwani, akanieleza taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Ukurasa uliopitishwa haufunguliwi. Ukifunguliwa, programu nzima inarudi mwanzo kabisa. Halafu akaniuliza nina sababu gani ya kutaka kuubadilisha, ili aiandike kwenye muhtasari.

Sababu. Ningesema nini? Kwamba nilitega mtego wa mtu na sasa kamba iko shingoni kwangu?

Nikamwambia basi, nikatoka. Nikaamua kuomba Mungu kamati iwahi.

Mwezi wa tisa kikaitishwa kikao cha mwisho cha wadau. Maabara ilitakiwa itoe mwakilishi mmoja. Siku hiyo hiyo Profesa akanituma kwenye daraja moja kuchukua sampuli za udongo, kwa hiyo akaenda Mzee Mchemraba. Nilimuuliza aliporudi imekuwaje. Akasema wameongea sana, chai ilikuwa ya moto.

Oktoba programu ikapitishwa. Kitabu chake kilikuja kimejalidiwa vizuri, jina la Profesa juu. Sikukifungua. Mtu akilishwa chakula kimoja miaka minne, hata harufu yake haitaki. Nilichotaka ni kujua tu maombi yanafunguliwa lini.

Yakafunguliwa Novemba ishirini na tatu.

Nilijaza fomu ile siku hiyo hiyo. Nikafika kwenye tarehe ya kuhitimu. Nikabonyeza. Ile sentensi yangu ikatokea kwa maandishi mekundu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa naisikia tangu utotoni, sikujua maji yake ni ya baridi kiasi kile.

Nilikwenda kwa Profesa. Akasema pole sana, hilo linazungumzika, ataandika kuomba marekebisho. Mnajua alimalizia na nini. Wiki mbili tu.

Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

Nikarudi maabara, nikakaa kwenye kigoda kando ya tangi, nikalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Mzee Mchemraba alinikuta hapo. Alikuwa amebakiza siku nane astaafu. Akavuta kiti chake, akakaa, akangoja nimalize.

Nikamwambia yote. Kipengele, sababu yake, ile siku ya vipande vya bluu. Nilimwambia nikiangalia maji, maana usoni sikuweza.

"Najua," alisema.

Nikageuka.

"Rasimu yako ya kwanza uliichapa kwenye printa ya humu ndani, binti. Karatasi moja ukaisahau. Nikasoma, nikahesabu, nikajiona mimi mwenyewe hapo."

Miaka minne. Miaka minne mzee yule ananiamkia, ananigawia muhogo wake wa kuchoma, ananifundisha kusikiliza sauti ya zege kabla halijapasuka. Na anajua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema angesema nini, kipengele kina neno "ubora", nani atabishana na ubora?

Kisha akaniuliza kama nimekisoma kitabu kilichojalidiwa. Nikasema sijakigusa. Akainuka, akakitoa rafuni, akakifungua pale pale pa sifa za mwombaji, akanipa.

Chini ya sentensi yangu palikuwa na nyingine ambayo sikuiandika mimi:

"Isipokuwa mfanyakazi wa maabara mwenye uzoefu usiopungua miaka minne, utakaothibitishwa kwa maandishi na msimamizi wa maabara, na fomu yake kuwasilishwa kwa mkono."

Ukurasa haukufunguliwa. Nyongeza iliingizwa kwenye kile kikao cha mwezi wa tisa kama maoni ya wadau, na maoni ya wadau ndiyo pekee yaliyoruhusiwa. Mzee alikuwa anazijua taratibu za kamati kuliko Profesa.

Nikashika mdomo. Nikaanza kumshukuru, kwamba mimi nilimfungia mlango, yeye ananifungulia. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Usinifanye malaika. Sikuwa nakuwazia wewe. Nilijiwekea mimi."



Akaendelea bila hasira, kama anasoma matokeo ya mashine. Alidhani wangepitisha mapema, angeingia kabla ya kustaafu. Lakini ufadhili ni wa aliye kazini, na darasa linaanza Januari. Januari yeye atakuwa nyumbani. Walimchelewesha mpaka mlango aliojichongea ukamkuta hana safari.

"Sasa aliyebaki mwenye miaka minne humu ndani ni nani?" aliuliza.



Akachukua kalamu. Aliandika barua ya uthibitisho kwa mkono, mistari mitano, akaweka sahihi na muhuri wa maabara. Kila alichoandika kilikuwa kweli, hakupunguza na hakuongeza. Alipomaliza alipuliza wino, akanikabidhi.

Nikamwomba msamaha. Akasema ameusikia. Hakusema amenipa.

Nikathubutu, jamani, na mimi nina uso mkavu. Nikamuuliza kama naweza kuendeleza ile kazi yake ya matofali iwe tasnifu yangu, jina lake litakuwepo.

"Hapana," alisema. "Vile vya kwangu."

Akaenda kwenye tangi, akaokota kipande cha mwisho chenye bluu, akakifuta maji kwa kitambaa. Akakiweka kwenye mashine. Tulisimama wote wawili tukitazama mshale ukipanda. Ukapita pale lilipopasuka zege la wakandarasi wote wa mwaka ule, ukaendelea. Kilipopasuka, aliandika namba kwenye daftari lake, akalitia mfukoni, akanawa mikono.

Siku ya nane aliondoka.

Niliingia darasani Januari, mwanafunzi wa kwanza kama nilivyoahidiwa. Mama aliwaita tena majirani. Nilisoma kila somo nililolipanga, kwa mfuatano nilioupanga, na kila nikifurahi kidogo nakumbuka mtu aliyepaswa kukaa kiti kile.

Wiki ya kwanza tu niliandika barua kwa kamati. Niliomba kipengele cha miaka mitano kifutwe, na safari hii sababu niliiweka wazi: nilikiandika mimi, kwa hila, kumzuia mtu mmoja.

Walinijibu haraka kuliko walivyowahi kujibu kitu chochote. Wameshukuru kwa uaminifu wangu. Ukurasa husika ulishapitishwa, haufunguliwi.

Leo nina shahada yangu, na msimamizi wa maabara ni mimi. Chumba ni kile kile, feni ile ile. Kila Novemba watu wanakuja mlangoni na fomu zao. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mhandisi wa maji, shahada yake ina miaka tisa, amelea watoto watatu ndipo amepata nafasi ya kurudi shule. Maabara hajawahi kufanya kazi. Akaniwekea karatasi mezani, kidole juu ya ile sentensi, akaniuliza kwa upole kabisa nani aliandika kitu kama hiki, na alikuwa anawaza nini.

Nikamwambia ni mimi. Nikamvutia kiti, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja fomu yake, akaondoka.

Ndugu zangu, ukipewa kalamu ya kutunga sheria, hata iwe ya watu wawili kwenye chumba kimoja, itunge kama vile wewe ndiye utakayebaki nje. Hasira zako zitaisha, hofu yako itaisha, hata uliyemlenga atastaafu. Kipengele kitabaki, na kitawakuta watu ambao hukuwahi hata kuwajua.