Kiti cha Mbele, Njia ya Värmdö

Mume wangu Vedasto ni dereva wa basi hapa Stockholm, na mtu asikudanganye, dereva wa basi hapendi kuendesha siku yake ya mapumziko. Akifika nyumbani Fittja anavua viatu, anakaa, na hata dukani hapo chini ya ghorofa naenda mwenyewe. Miaka yote tuliyokaa nchi hii, mimi nikipika kwenye shule ya chekechea kule Tumba, Jumamosi kwenye nyumba ya wazee, na yeye akizungusha usukani, hajawahi kuniambia, leo twende tukaone mji. Wala sikulalamika. Sisi watu wa Kagera hatukuja huku kutazama majumba.

Basi siku moja mwezi wa Mei, mwaka 2009, naingia ndani na mifuko yangu, namkuta ametandaza ramani mezani, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi. Nikamuuliza, "Baba Kasiani, wamekubadilishia njia?"

"Hapana, Mama Kasiani. Vero anakuja. Ana mkutano Copenhagen, halafu atapitia huku siku mbili tatu. Namtafutia pa kumtembeza."

Ngoja niwaeleze huyo Vero ni nani. Veronica alisoma na mume wangu sekondari, na kabla yangu yeye ndiye aliyekuwa akitajwa. Kijijini kila mtu alijua kwamba Vedasto angemwoa, kama baba yake Veronica asingeona kijana hana mbele wala nyuma. Yamepita, na nilijua yamepita, tuna mtoto yuko chuo Gothenburg. Lakini tangu huyo Kasiani azaliwe, mume wangu hajalitaja jina langu. Mimi ni Mama Kasiani asubuhi na jioni, hata kwenye simu. Ndiyo heshima yetu, na nilikuwa naipenda. Sasa mimi nimekuwa Mama Kasiani, yule bado ni Vero? Wivu ulinishika hata mifuko sijaiweka chini.

Wiki ile yote ramani haikutoka mezani. Tulikula tumeisukuma pembeni. Siku ya kwanza angempeleka mji wa kale kwa miguu, aone jumba la mfalme na askari wanavyopokezana zamu. Siku ya pili wangezunguka kwa gari, njia za kando ya maji. Nasema wangezunguka, kwa sababu kwenye maneno yake yote sikusikia tutazunguka. Alikuwa akichora, anafuta, anachora tena. Jioni moja akaniuliza, "Unaonaje, tuanze na mfalme au tuanze na kanisa kuu?"

"Mfalme ameniita lini, nimjue?" nikamjibu, nikaendelea kukata vitunguu.

Kuna rafiki yake, Kariuki, Mkenya, dereva mwenzake. Huyo alinipigia simu akicheka. "Mama, mzee amenibembeleza tubadilishane zamu kama anayekwenda kuoa. Kuna sherehe gani hapo?" Nikamwambia hakuna sherehe, nikakata simu. Kama anayekwenda kuoa. Maneno mengine mtu akiyasema kwa mzaha, wewe huwezi kuyacheka.

Halafu ikaja habari ya gari. Tulikuwa tumenunua Volvo ya mtumba mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na mpaka siku hiyo nilikuwa nimeipanda kwenda kununua mchele na kurudi. Alhamisi akaipeleka kuoshwa, kisha akaileta chini ya jengo letu na kuanza kufyonza vumbi ndani yake, milango yote wazi, redio inaimba. Jirani yangu Denise, Mkongo wa Bukavu, alisimama nami kwenye kibaraza akamtazama.

"Dada Domina, bwana yako iko anapangusa motokari tangu asubuhi. Ule mgeni ni mfalme?"

"Walisoma pamoja," nikasema.

"Ee," akasema Denise. Akaingia ndani kwake. Afadhali angeongeza neno.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga. Mwenyeji huyu alikuwa hoi. Usiku nilikanda unga wa maandazi kwa hasira, nikatwanga iliki mpaka kinu kikalia. Ningemlisha vizuri, asipate la kusema nyumbani.

Veronica akafika Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akanivuruga. Mwanamke mnene kidogo, sauti ya chini, anacheka kwa haya. Aliniletea kitenge kizuri cha rangi niipendayo, na hilo nalo likaniudhi. Na akaniita wifi. Mimi wifi yake tangu lini? Kwa hiyo yeye amekuwa dada wa mume wangu? Nikasema asante wifi, karibu wifi, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Siku hiyo hiyo tukaenda wote mji wa kale, na vichochoro vyake ni vya watu wawili. Mkiwa watatu, lazima mmoja abaki nyuma, na mmeshajua nani alibaki. Nilitazama migongo yao kutwa nzima. Walikuwa wakikumbuka mwalimu wao wa hesabu, na mwenzao mmoja aliyeanguka mtoni na sare, mambo ambayo mimi sikuwepo. Askari wa mfalme walipita na ngoma zao. Sikumbuki hata wamevaa rangi gani.

Jumamosi ndiyo siku ya kiti. Tumeshuka chini, gari linang'aa, nina kapu la maandazi na chupa ya chai. Mgeni hukaa mbele, hiyo ni adabu inayojulikana. Kwa hiyo nikasema, "Wifi, karibu mbele." Sasa adabu ina pande mbili. Unamkaribisha mtu, naye anapaswa kusema, hapana wifi, kaa wewe kwenye nafasi yako, mvutane kidogo, ndipo mmoja akubali. Veronica akasema, "Asante sana," akaingia, akafunga mkanda. Hata mara moja hakukataa. Nikaingia nyuma na kapu langu mapajani, ndani ya gari nililolipia nusu.

Tukaondoka. Vedasto alipita Slussen, akashika barabara kuu ya Värmdö, tukapita kibao cha kwenda Fisksätra, kisha akaacha njia kubwa. Barabara ikawa nyembamba, inapinda kati ya misonobari, na kila tukipanda kilima maji yanatokea upande mwingine, na nyumba nyekundu ndogondogo juu ya miamba. Kulikuwa kuzuri, sitasema uongo. Ndicho kilichoniuma. Kungekuwa kubaya ningecheka.

Na mume wangu alikuwa anaendesha kwa namna ya ajabu. Kila kituo cha basi anapunguza mwendo na kutazama kioo, kama kuna abiria. Kila basi likija mbele yetu ananyanyua mkono, na dereva wa basi ananyanyua wake.

"Una marafiki wengi," Veronica akasema.

"Ni wenzangu. Hii ni njia yangu, Vero. Miaka sita naendesha hapa."

Nilikaa nyuma nikayasikia hayo maneno. Njia yake. Kwa hiyo maji haya, miamba hii, alikuwa akivitazama kila siku ya Mungu, kisha anakuja nyumbani kunieleza habari za barabara iliyochimbwa. Vizuri vyote alikuwa ameviweka, akavitoa leo, kwa Vero. Machozi yalinijia nikageukia dirishani. Niliamua kwamba tukirudi nitamwambia mbele ya huyo huyo mgeni wake kwamba miye nimechoka, nakwenda kukaa kwa mwanangu Gothenburg, na wao wabaki na ramani yao.

Mwisho wa njia kuna uwanja wa basi kugeuzia, gati dogo la mbao, na kibanda cha kahawa. Vedasto akaegesha pale pale linapoegeshwa basi, kisha akashtuka, akasogeza gari kando. Wao wawili wakashuka mbele. Mimi nikabaki nyuma nikihangaika na kapu.

Kutoka kibandani akaja mama mzee wa Kiswidi, aproni kiunoni, anajifuta mikono. Alimtazama Vedasto, akatazama kiti cha mbele kilichoachwa wazi, akamtazama Veronica. Uso wake ukafunguka. Akamshika Veronica mikono yote miwili.

"Domina," akasema kwa Kiswidi. "Hatimaye amekuleta. Miaka yote hii nasikia Domina hivi, Domina vile. Domina amepata cheti chake. Domina anafanya kazi mpaka Jumamosi, mgongo unamuuma, hataki kusikia. Kila siku ananiambia, Ingegerd, nikipata gari nitamleta Domina akae kwenye lile benchi. Nikafikiri hutakuja mpaka nife."

Veronica hajui Kiswidi. Lakini jina alilisikia, akageuka akanitazama, mikono yake bado imeshikwa. Vedasto alikuwa amesimama katikati yetu na funguo, masikio yamemshuka.

Jina langu. Miaka yote nyumbani halijatoka kinywani mwake, kumbe alikuwa analitoa huku, mwisho wa njia, anamhadithia bibi wa kahawa.

"Domina ni mimi," nikasema kwa Kiswidi. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Ingegerd akanitazama, akalitazama kapu. Alimwachia Veronica mikono, akaja, akainua kitambaa bila kuomba ruhusa, akanusa. "Ndiyo," akasema. "Ni wewe. Hii iliki naijua. Kila siku ananigawia nusu ya andazi lake la kazini. Nilimwambia, mke wako anatia iliki nyingi kushinda mama yangu." Akanishika mkono akanipeleka kwenye benchi, akanikalisha. Maji yalikuwa hapo miguuni. Akaenda kuwaletea wengine viti.

Vedasto akaja kukaa pembeni yangu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukunileta?"

"Kwa basi? Nikukalishe nyuma na abiria, mimi nikuoneshe mgongo? Nilikuwa nangoja gari."

"Gari tumelipata mwezi wa tatu."

"Kila Jumamosi ulikuwa kazini. Na nikikwambia twende kutembea tu, ungeniuliza mafuta ya gari yanaokotwa wapi." Akageuza funguo mkononi. "Vero alipoandika anakuja, nikaona nimepata sababu. Mgeni huwezi kumkataa."

Ni kweli, siku zile mbili nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Kwa ajili ya mgeni. Nilikula andazi zima bila kumjibu, kwa sababu ningejibu ningelia, na Veronica alikuwa amekaa pale akitutazama, kikombe mkononi, na hakuna aliyekuwa akiongea naye habari za mwalimu wa hesabu.

Wakati wa kurudi Veronica akafungua mlango wa nyuma mwenyewe. Nikasema, "Wifi, karibu mbele," maana adabu ni adabu.

"Hapana wifi," akasema. "Kaa wewe kwenye nafasi yako."

Sikuvutana naye hata kidogo. Nikaingia mbele.

"Funga mkanda, Domina," Vedasto akasema, akiwa anatazama kioo chake.

Tulikuwa tumeshapita vituo kadhaa, na mikono kadhaa ya madereva, Veronica aliposogea mbele kati ya viti. "Yule mama alikuwa anasema nini muda wote ule? Nilisikia jina lako, wifi."

Vedasto akanitupia jicho. Aliniachia mimi nijibu.

"Amesema natia iliki nyingi kwenye maandazi," nikasema.

"Kweli, ni nyingi," Veronica akasema, akarudi kuegemea kiti.

Na kweli Ingegerd alisema hivyo, sikusema uongo. Yale mengine sikumfasiria. Yalikuwa yangu, na yeye alikwisha kukalia kiti changu asubuhi nzima.