Mkuyu Kwenye Dirisha la Mashariki

Tulipohama Kimulot kuja kuishi Kericho mjini, kwenye nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu, nilibeba mkuyu mdogo uliokuwa umeota kwenye ufa wa ukuta wa stoo yetu. Mume wangu alikuwa anataka kuung'oa autupe. Niliung'oa mimi, polepole, na mizizi yake, nikaupanda kwenye karai kuukuu nililotoboa chini.

Nilitaka kuukuza uwe mti kamili lakini mfupi, wa kukaa ndani. Watu walinicheka. Mimi sikuona ajabu. Nimepogoa majani chai tangu usichana wangu, na mchai ukiachwa unakuwa mti mrefu kabisa. Ni kisu kinachouzuia usipite kiuno cha mtu.

Mama mkwe alipotutembelea mara ya kwanza alisimama mlangoni akautazama.

"Hiyo si simotwet?" aliuliza. Ndivyo tunavyouita mkuyu kwa Kipsigis.

"Ndiyo, Mama."

"Wazee walikuwa wanaombea chini yake. Wewe umeutia kwenye karai kama sukuma wiki."

Aliketi akiupa mgongo mpaka alipoondoka.

Baridi ya Julai ilipokuja, na ukungu ukakaa mjini hadi saa sita mchana, niliogopa. Nikauhamishia jikoni, kesho yake sebuleni, kisha nikaurudisha jikoni, na kila mahali nikaumwagilia maji. Majani yakageuka manjano, yakaanguka yote. Nilikuwa nayafagia asubuhi nikiwa na uchungu ambao niliona aibu kuusema.

"Hiyo sasa ni kuni," mume wangu alisema.

Nilikwaruza gome kwa ukucha. Chini yake kulikuwa kijani.

Basi niliutoa kwenye karai. Mizizi mingi ilikuwa imeoza, myeusi na yenye harufu ya kinamasi. Nikaikata yote iliyooza, nikachanganya udongo na changarawe na makaa yaliyopondwa ili maji yapite, nikauweka kwenye dirisha linalotazama mashariki. Nikaapa kutousogeza tena. Maji niliyatia tu kidole kikishuka kwenye udongo na kutoka kikavu.

Ulikaa uchi muda mrefu. Halafu Jumapili moja, nikijitayarisha kwenda kanisani, niliona ncha nyekundu kwenye tawi la juu, kali kama sindano. Nilimwita mume wangu akaja na kiatu kimoja mguuni. Alitazama, akacheka, akanishika bega. Kanisani siku hiyo niliimba hadi sauti ikakauka.

Ulirudi na majani madogo kuliko ya kwanza, mazito, yanayong'aa. Shina likanenepa, mizizi ikashika udongo kama vidole.

Mwaka uliofuata kikundi chetu cha akina mama kilialikwa kwenye maonyesho ya wakulima, nami nikaamua kuupeleka mkuyu wangu. Mama mkwe alisikia, akaja kutoka Kimulot bila kuitwa. Njia nzima ya kwenda kwenye maonyesho aliupakata mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Jaji wa mashindano aliuzunguka mara mbili. "Nani alikufundisha kukata hivi?"

"Majani chai," nilimwambia.

Utepe wa mshindi wa kwanza ulifungwa kwenye karai letu. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amezungukwa na watu, mkono mmoja kwenye shina, akiwaeleza kwa sauti ya kanisani:

"Msiguse majani. Hii ni simotwet ya nyumbani kwetu. Tunajua kuitunza."