Tulibishana feature ipi ianze kwenye app ya ng'ombe, mwano ukatuamulia

Wakuu, salamu kutoka Nkende, Tarime. Haya yametupata wenyewe, sijaongeza chumvi.

Tuko watatu. Mimi naandika code, Salum anatafuta wateja, Bhoke anachora app ionekaneje. Kikundi cha wafugaji wa Itiryo kilikubali tuwaoneshe app yetu mara moja tu. Wakikataa, Salum anarudi dukani kwa baba yake na timu inakufa. Niliogopa, sifichi.

Muda ulitosha feature moja. Salum akataka soko la ng'ombe, Bhoke akataka picha za mifugo. Mimi nikataka kitufe cha mwano: ukiibiwa unabonyeza, simu za kijiji kizima zinalia.

Kwa wasiotoka huku, mwano ni yowe la wizi wa ng'ombe. Ukiusikia unaacha hata ugali mezani, unashika fimbo unakimbia.

Nikashinda. Kwa kubishana mimi sijambo. Salum akakubali huku amenuna.

Ndipo Bhoke, ambaye kwao ni Itiryo hasa, akaniuliza, "Siku ya demo utabonyeza nini, Marwa?"

"Si hicho hicho kitufe."

"Weee! Watu watoke mashambani na fimbo, wakukute wewe na laptop? Mwano haupigwi kwa mchezo. Utachapwa wewe!"

Salum alicheka mpaka akasahau kununa.

Basi kitu ambacho hakuna aliyekitaka kikapanda juu kabisa: kitufe cha jaribio. Ukikibonyeza, simu inatoa sauti ya Bhoke kwa Kikurya, kwamba tunajaribu tu, endeleeni na kazi. Nilikuwa nimepanga pia ramani ya mbwembwe ya kuonesha mwano umepigwa wapi; tukaitupa ili muda utoshe. Iliniuma.

Tulipofika Itiryo, baada ya shikamoo tu, mzee mwenyekiti akasema, "Vijana, mkizoesha watu mwano wa uongo, siku ya kweli nani atatoka?"

Bhoke, aliyekuwa ameshasajili namba zao, akabonyeza kitufe cha jaribio. Simu ikaongea mfukoni mwa mzee. Akaitoa, akaitazama, akacheka sana. Tukakubaliwa.

Juzi mchana, Itiryo, mwano wa kweli. Ng'ombe wa mama mmoja mjane. Simu zililia na hakuna aliyeuliza kama ni jaribio. Salum alikuwa huko huko, akakimbia na viatu vyake vya mjini. Ng'ombe wote walirudi.

Mkipanga nini kianze, wakuu, msikilizeni anayeuliza kitu kitatumikaje siku ya kwanza.

Nyie kwenye timu zenu mnaamuaje? Njooni, hata wa kunikosoa. Ila wa kununa tayari tunaye.