Pale Maji Yalipofika

Mjomba wangu alikuwa na shamba la migomba Shasha, kati ya barabara na ziwa, na mimi ndiye niliyemsaidia kulipoteza.

Wakati huo nilikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya. Kifaransa nilikipata kwa mapadri. Baba alipokufa, mjomba ndiye aliyenichukua, akanipeleka misioni kwa miguu, mkeka wangu akiubeba yeye kichwani. Katika ukoo wetu wote hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kusoma barua ya serikali, na mjomba alijisifia jambo hilo mbele ya kila mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini alikuja mpimaji wa ardhi, Mzungu mpole mwenye kofia iliyopauka kwa jua. Alitumwa kuuchora ukingo wa ziwa kwenye karte, yaani ramani, kwa sababu mlowezi mmoja alikuwa ameiomba serikali mahali pa kupanda kahawa na kuegesha mashua zake. Nilipewa kazi ya kumfuata na kumtafsiria.

Siku ya tatu tukafika kwa mjomba. Mpimaji akaniambia nimuulize mwenye shamba: tangu azaliwe, ameona maji ya ziwa yakipanda mpaka wapi?

Mjomba alifurahi sana. Hakuna Mzungu aliyewahi kumuuliza kitu anachokijua. Alitangulia kati ya migomba, akatupandisha mpaka kwenye jiwe jeusi karibu kabisa na barabara.

"Ni hapa njo," akasema, akilipiga jiwe kwa kiganja. "Mwaka ya mvua kubwa, maji ilifika hapa. Mama yako alikuwa anaokota samaki mu migomba, na mikono tu! Mwambie."

Nikamwambia. Mpimaji akaandika, kisha akaamuru kigingi kipigwe kando ya jiwe. Nikashangaa, maana ziwa lilikuwa mbali kule chini. Nikamuuliza sababu.

Alinieleza taratibu, kama mwalimu. Kwao kuna bahari. Inajaa na kupwa kila siku, na kila mtu anajua maji yanakoishia yanapojaa. Chini ya mstari huo panaitwa ufuko, na ufuko ni mali ya serikali, hakuna mtu anayeweza kusema ni wake. Sheria ya huku ilichukua neno lile lile: ufuko unaishia pale maji ya juu kabisa yanapofika.

"Lakini ziwa hili halijai kila siku," nikasema. "Lilijaa mwaka ule mmoja, likarudi."

"Nimetumwa kuuliza lilifika wapi," akajibu. "Sikutumwa kuuliza lilikaa siku ngapi."

Shamba lote lilikuwa upande wa chini wa jiwe lile, kuelekea ziwani. Nyumba pia, na makaburi ya watoto wawili wa mjomba.

Mjomba alikuwa bado anatabasamu. "Anasema nini?"

Ningeweza kumweleza. Alikuwa hajatia kidole cha wino kwenye karatasi ya mpimaji. Angeweza kusema amekosea, amesahau, jiwe ni lingine. Lakini mpimaji alikuwa ananitazama, na niliogopa kuonekana mkalimani anayewafundisha watu kukana. Niliipenda kazi yangu. Nilipenda viatu vyangu.

"Anasema aksanti, Mujomba."

Akatia kidole.

Miezi michache baadaye ilikuja barua ya kuwataka wahame. Niliisoma mimi, nimekaa kwenye kiti chake. Akaniomba niirudie. Kisha akaniomba nimsindikize kwa hakimu, na huko pia nikasimama kati yao, nikitafsiri.

"Ni wewe uliyeonyesha jiwe?" hakimu akauliza.

"Ni mie. Lakini maji ilikuja kutembea tu, Bwana. Ilirudia kwake. Mie njo naishi pale."

Nilitafsiri kila neno, safari hii bila kupunguza. Hakimu akageuza karte ili mjomba aione. Palikuwa na mstari wa maji, mstari wa vigingi, na katikati neno moja la Kifaransa lenye maana ya ufuko. Mgomba haukuchorwa hata mmoja. Mjomba aliitazama muda mrefu, akauliza nyumba yake iko upande gani. Hakimu akaikunja karte.

Migomba ilikatwa kabla mikungu haijakomaa. Yeye na mkewe wakahamia Kibua, huko Walikale, kwa ndugu za mke, ndani ya msitu. Alikuwa mtu wa mtumbwi na nyavu. Kule akawa anaomba mahali pa kulima mihogo kama mgeni. Niliwatembelea mara moja. Nilikwenda nimekusudia kumwambia ukweli wa siku ile ya jiwe. Nilimkuta amekonda, amekaa mlangoni, anatazama miti. Akaniuliza habari za ziwa, kama limepanda au limeshuka. Nikamwambia liko vilevile. Nikarudi na maneno yangu.

Alikufa kabla ya mwaka kwisha. Nilifika wakati wamekwisha kumzika. Mke wake alinikaribisha ndani, akanipa maji ya kunawa, akaweka mbele yangu ugali na sombe, majani ya mihogo. Hakula. Alikaa ananitazama nikila.

"Aksanti, mutoto wangu," akasema. "Kama haukukuwa wewe, hapangekuwa hata muntu wa kutusemea."

Nilimaliza chakula chote, kwa kuwa sikujua namna ya kusimama.